Funga kaye (daftari) kwanza: namna ya kusoma kozi zikakaa kichwani

Mwaka 2008, watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu jozi 40 za maneno wazishike kichwani. Upande mmoja neno la Kiswahili, upande wa pili maana yake kwa Kiingereza. Mashua lilikuwa mojawapo. Kiswahili kilikuwa kigeni kabisa kwa vijana wale, hivyo hakuna aliyeanza mbele ya mwenzake. Wala hawakuwa wa kwanza kukitumia: tangu 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walikuwa wamechapisha maneno 100 ya Kiswahili pamoja na vipimo vya ugumu wa kuyajifunza, ili watafiti wa kumbukumbu wayatumie.

Niliposoma habari hiyo hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, iliniingia moyoni. Maneno tuliyonyonya na maziwa ya mama yamewasaidia wataalamu kujua kichwa cha mtu kinashikaje jambo, na huku watoto wetu, wenye maneno hayo, bado wanasoma kwa njia ile ile ambayo jaribio lilionyesha kuwa haidumu. Ndiyo maana naandika. Nafundisha biolojia, na nawaandikia kwanza finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza shule hapa Kongo, ila hatua hizi zinamfaa pia mtoto wa shule ya msingi na mtu mzima anayejifunza kazi mpya.

Jaribio lilikwenda hivi. Neno likishajibiwa sawasawa mara moja, kundi moja liliendelea kuulizwa neno lile bila kulisoma tena. Kundi lingine liliendelea kulisoma bila kuulizwa. Mwisho wa siku wote walikuwa wanajua karibu maneno yote. Baada ya wiki moja wakaitwa tena: waliokuwa wakiulizwa walikumbuka kama 80 kwa mia, waliokuwa wakisoma tu walibaki na kama theluthi moja. Na kuna jambo lililonishtua kuliko tarakimu hizo. Siku ya kwanza, kabla hawajaondoka, waliulizwa: mnadhani mtakumbuka mangapi? Makundi yote yalikisia karibu nusu. Aliyevuna na aliyepoteza walijisikia sawa. Maana yake, hisia ya "hii naijua" haifai kuwa shahidi wako.

Vitu vya kuandaa

Kalamu mbili za rangi tofauti, karatasi zilizoandikwa upande mmoja tu, makopo matatu matupu ya maziwa ya unga, na katoni la sabuni au la biskuti la kukata kadi ndogo zenye ukubwa wa kiganja. Basi.

Hatua ya kwanza: soma mara moja, funga, andika

Mpwa wangu alikuja kukaa kwangu mwaka aliokuwa finalisti. Jioni moja aliniambia, "Mama mdogo, mitozi nimeimaliza, niulize." Mitozi ni jinsi seli moja inavyogawanyika kuwa mbili zinazofanana. Akasimama wima, mikono nyuma, akaanza: ukurasa mzima, neno kwa neno, hata mahali mwalimu wake alipoandika "tazama mchoro" alipataja. Nikamkatiza nikamuuliza, "Kromosomu zinajipanga katikati ya seli katika hatua gani?" Akanyamaza. Macho yakapanda darini, midomo ikaanza kucheza bila sauti, nikajua amerudi mstari wa kwanza wa ukurasa ili atembee nao hadi afike hapo. Hakuwa mvivu hata kidogo. Ukurasa ule alikuwa ameusoma labda mara ishirini. Alikuwa amejifunza wimbo, na wimbo huanzia mwanzo.

Siku iliyofuata tulifanya hivi, nawe fanya hivi hivi:

Soma sehemu fupi, ukurasa mmoja au miwili, mara moja tu, pole pole, kwa kuelewa. Kisha funga kaye. Iweke mbali, mkono usiifikie. Chukua karatasi tupu uandike yote unayoyakumbuka: maneno, mishale, mchoro mbaya, chochote kinachokuja. Ukikwama, usiifungue haraka. Kaa na ukame huo dakika moja au mbili, maana mara nyingi neno huja kwa mlango wa nyuma. Likikataa kabisa, acha nafasi wazi uendelee.

Ukimaliza, fungua kaye, chukua kalamu ya pili, sahihisha. Usiifute kazi yako. Andika juu yake. Karatasi ya kwanza ya mpwa wangu ilikuwa na mistari kumi na moja ya buluu. Aliandika hatua za mitozi: profazi, anafazi, telofazi. Kati ya ya kwanza na ya pili niliona alama ndogo ya kalamu, kama nukta iliyobonyezwa mara nyingi: alihisi kuna kitu hapo, hakikuja. Alipofungua kaye akaandika "METAFAZI", jibu la swali langu la jana yake, kwa nyekundu, kwa herufi kubwa, hadi karatasi ikatoboka. Tangu siku ile sikumsikia tena akiisahau metafazi.

Roediger na Karpicke walikuwa wamelipima jambo hili mwaka 2006 kwa habari za kusoma, si maneno peke yake. Kundi moja lilisoma habari katika vipindi vinne; jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka. Dakika tano baadaye wasomaji walikuwa mbele, 83 kwa mia dhidi ya 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojipima 61, wasomaji 40. Kumbuka pia kwamba wasomaji waliipitia habari ile mara 14 hivi kwa wastani, na wenzao mara tatu na kidogo.

Zile dakika tano ndizo zinazotudanganya. Mtoto aliyesoma usiku kucha, akiulizwa asubuhi ile, anajibu vizuri. Interogasio, jaribio dogo la darasani, inapita, mzazi anafurahi. Exetat ikija baada ya miezi, hana kitu, na watu wanasema amerogwa au hana akili.

Onyo moja: usiache kusahihisha. Ukivuta jambo kichwani vibaya na usirekebishwe, ubaya huo nao unaweza kukaa.

Hatua ya pili: geuza kozi kuwa maswali

Karatasi ile yenye nyekundu ndiyo ramani yako. Kila penye nyekundu, tengeneza kadi: swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Kadi moja, jambo moja. Usijaze ukurasa mzima kwenye kadi. Hiyo ni kaye ndogo tu. Na usibaki kwenye "ni nini" pekee. Andika "kwa nini" na "ingekuwaje kama": kwa nini jani la muhogo lililofungwa gizani hupoteza rangi yake ya kijani? Swali kama hilo huvuta mambo matatu kwa wakati mmoja.

Hatua ya tatu: acha nafasi, urudi

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Lakini baada ya mwezi mzima bado kama sehemu ya tano ilikuwapo. Yaani usahaulifu hukimbia sana mwanzoni, halafu hupunguza mwendo. Kwa hiyo rudi mapema mara ya kwanza, kisha refusha nafasi.

Makopo matatu yanafanya kazi hiyo bila hesabu nyingi. Kadi mpya zote ziingie kopo la kwanza, nalo unalipitia kila siku. Kadi uliyoijibu sawasawa inapanda kopo la pili, ambalo unalifungua kila baada ya siku tatu. Ukiijibu tena inapanda la tatu, la kila Jumamosi. Ukiikosa, iwe ilikuwa kopo gani, inarudi la kwanza. Inauma kuona kadi ya Jumamosi ikirudi chini, lakini hilo ndilo jambo la maana ulilopata siku hiyo: umegundua tundu kabla ya mtihani kuligundua.

Nafasi inategemea mtihani uko wapi. Utafiti wa Nicholas Cepeda na wenzake, wa 2008, ulionyesha kuwa kadiri unavyotaka kukumbuka kwa muda mrefu, ndivyo nafasi kati ya masomo inavyofaa kuwa ndefu. Kama interogasio ni wiki ijayo, rudi baada ya siku moja au mbili. Kama unataka jambo likae hadi mwaka kesho, nafasi ya wiki tatu au nne si nyingi.

Saa tatu za Jumapili moja zina nguvu ndogo kuliko saa moja ya Jumatatu, moja ya Alhamisi na moja ya wiki inayofuata. Saa ni zile zile.

Hatua ya nne: changanya mazoezi

Hii wanafunzi wengi huikataa, kwa sababu inawafanya wajione wajinga. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti wa 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Wengine walifanya mazoezi ya umbo moja hadi liishe, ndipo wakaingia jingine. Wengine walipewa maumbo yote yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, wa kwanza walipata 89 kwa mia, waliochanganyiwa 60. Baada ya wiki moja mtihani ukaja: wa kwanza 20, waliochanganyiwa 63.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Ukifanya hesabu kumi za aina moja, unachagua kanuni mara moja tu, ile ya kwanza. Tisa zilizobaki ni kujaza tarakimu. Lakini mtihani hauandiki juu ya swali "hili ni la kanuni ya pili." Kazi ngumu mtihanini ni kutambua swali ni la aina gani, na kazi hiyo hukuifanyia mazoezi.

Kwa hiyo ukishaelewa kila aina peke yake, nakili maswali ya sura tatu au nne kwenye vikaratasi, yachanganye ndani ya mfuko, vuta moja moja. Kabla hujakokotoa, sema kwa sauti: swali hili ni la aina gani, na nimejuaje? Alama zako zitashuka wiki ya kwanza. Ziache zishuke.

Hatua ya tano: weka pacha kando ya pacha

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya Exetat ni maswali ya kuchagua jibu, na aliyetunga swali ameweka kando ya jibu la kweli jibu linalofanana nalo.

Mwaka 1967 Robert Moyer na Thomas Landauer waliwaonyesha watu tarakimu mbili mbili na kuwauliza ipi ni kubwa. Ungedhani kati ya 2 na 9, au kati ya 5 na 6, muda ni ule ule, maana kila mtu anajua kuhesabu. Sivyo. Tarakimu zilipokaribiana, watu walichelewa na kukosea zaidi. Miaka michache baadaye Moyer aliona hivyo hivyo kwa majina ya wanyama: watu walisoma majina mawili tu, bila picha, na kadiri wanyama walivyokaribiana kwa ukubwa, ndivyo jibu lilivyochelewa. Jaribu mwenyewe. Tembo na panya, jibu linakuja kabla sijamaliza kuuliza. Mbuzi na kondoo, kichwa kinasita. Ni kama kichwa kinaviweka vitu viwili kwenye mizani, na vikikaribiana uzito, mizani inachezacheza.

Kwa hiyo kujua kila jambo peke yake hakutoshi. Mitozi unaijua, meyozi (mgawanyiko unaozaa seli za uzazi) unaijua, lakini umewahi kuziweka kwenye mizani moja? Mtihani utaziweka.

Chukua mfano wa jiwe, maana huku kwetu mawe hayakosekani. Malakite ni ya kijani. Krisokola ni ya kijani ielekeayo buluu. Zote mbili zina shaba. Ukimwonyesha mwanafunzi malakite Jumatatu na krisokola Jumatano, kila moja ataitaja sawa. Ukimpa jiwe moja mwezi ujao, atabahatisha. Sasa mpe zote mbili mkononi kwa pamoja. Ataanza mwenyewe: hii ina mistari ya kijani iliyokolea na iliyopauka, ile imeelekea buluu. Halafu tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, mbele ya mwalimu: malakite inatoa povu kwa sababu ni kabonati, krisokola inanyamaza kwa sababu ni silikati. Alama moja inayotenganisha, na sababu yake. Huo ndio ujuzi unaobaki.

Dedre Gentner wa Chuo Kikuu cha Northwestern ametumia miaka mingi kuchunguza kulinganisha. Yeye na wenzake waliwapa wanafunzi wa mapatano ya biashara visa viwili. Walioambiwa wavilinganishe waliweza zaidi kutumia fundisho la visa hivyo katika mapatano mapya kuliko waliosoma kisa kimoja kimoja, ingawa wote walisoma visa vile vile.

Fanya hivi. Gawa karatasi kwa mstari wa wima. Kushoto pacha mmoja, kulia mwingine. Kaye ikiwa imefungwa, jibu maswali matatu: vinafanana wapi? vinatofautiana wapi? ni alama ipi moja ikionekana nitajua ni kipi? Swali la tatu ndilo lenye thamani, lizungushie duara. Kisha fungua kaye, sahihisha kwa nyekundu.

Pacha wa kuanza nao: mitozi na meyozi, usanisinuru na upumuaji wa seli, uzito na masi, asidi na besi. Katika historia, 1885 Dola Huru la Kongo likawa mali ya Leopold II, 1908 likachukuliwa na Ubelgiji. Mwanafunzi anayeweka tarehe hizo kando kwa kando na kuuliza "nani alikuwa mwenye mali kabla na baada?" hatazichanganya. Weka hivyo hivyo tarehe 30 Juni na 11 Julai 1960, uhuru wa Kongo na kutangazwa kujitenga kwa Katanga. Siku kumi na moja tu, na kila mwaka naona watoto wanaozibadilisha.

Hatua ya sita: elewa kwa Kiswahili, jibu kwa Kifaransa

Mtihani ni kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili. Wengi wanaliona hilo kuwa mzigo tu; mimi naliona kuwa kipimo kizuri. Baada ya kuandika jibu kwa Kifaransa, mweleze mdogo wako kwa Kiswahili cha nyumbani, cha jikoni. Ukishindwa, ulikuwa umekariri maneno bila jambo lenyewe. Ukiweza, rudi uandike tena kwa Kifaransa, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani ndicho utakachovuta, na kinachovutwa mara nyingi ndicho huja upesi. Usiishie kwenye Kiswahili ukadhani kazi imekwisha.

Umeme ukikatika

Nimeona vijana wakifunga siku kwa sababu taa imezimika. Lakini kujiuliza hakuhitaji taa! Kunahitaji kaye iliyofungwa, na gizani kaye zote zimefungwa. Kaa na mwenzako kwenye mkeka, mmoja aulize, mwingine ajibu. Mkibishana juu ya jibu, wekeni alama: asubuhi mtafungua na kuona nani alikuwa na haki. Ukienda kuteka maji, chukua maswali matano tu kichwani. Njiani kutoka Katuba hadi shuleni, jiambie sura nzima ya jana, na mahali utakapokwama ushike jina la mahali hapo: "nimekwama kwenye kona ya mama wa mikate." Jioni utakumbuka ulikwama kwenye nini.

Na kama kaye ni moja kwa watoto watatu, mmoja asome, wawili waandike kwa kukumbuka, halafu mbadilishane. Mpango huu unamfaa maskini kuliko ule wa kusoma mara ishirini, kwa sababu ule unahitaji kaye na taa muda wote.

Kwa baba na mama

Ukimkuta mtoto amekaa, kaye imefungwa, anatazama ukuta na kalamu hewani, usimwite mvivu. Hapo ndipo anafanya kazi kuliko saa zote. Muulize maswali, hata kama hukusoma. Kadi ina jibu nyuma. Ukijua herufi, unatosha. Bibi mmoja jirani yangu hajui Kifaransa, na alikuwa akimshikia mjukuu wake kadi, akimwambia tu, "Sema, halafu tugeuze." Mjukuu akisema, anageuza, wanaangalia wote wawili.

Na saa ya kulala, mwache alale. Usingizi ni sehemu ya kazi ya kumbukumbu, si wizi wa muda.

Wiki ya mwisho

Usiingize kozi mpya. Kopo la tatu lipite lote mara moja, pole pole. Karatasi za pacha zirudiwe, ukitazama duara tu na kujaza mengine kwa kichwa. Kadi ambazo bado zinakataa zifunge kwa kamba ya mpira. Kwa kawaida hazizidi kumi au kumi na tano. Hizo ndizo karatasi pekee za kubeba asubuhi ya mtihani. Mbele ya lango, wenzako watakapokuwa wanafungua kaye nzima nzima na kuogopeshana, wewe vuta kadi moja, sema jibu kimoyomoyo, geuza, rudisha mfukoni, vuta nyingine.